Umevuka TMC mstari wa juu, CSE inakutema: tatizo ni mtihani au ni sisi?

Mjukuu_wa_Bibi
Wakuu habarini. Naomba walio kwenye fani ya RT huku Marekani wanijibu bila kunibembeleza.

Kwa wasioijua fani, RT ndiye mtu wa pumzi hospitalini: ventileta, oksijeni, kutoa damu ya ateri kupima gesi, kusimama kichwani kwa mgonjwa anapowekewa mrija wa kupumulia. Ukimaliza chuo unakaa TMC, maswali 160 ya kuchagua, masaa matatu. Ule mtihani una mistari miwili ya kupita, ukivuka wa chini unapata cheti cha CRT, ukivuka wa juu unakuwa CRT na unaruhusiwa kukaa CSE, na CSE ndio inakupa RRT, cheti cha juu. CSE yenyewe ni visa 22 kwenye kompyuta, masaa manne, unamhudumia mgonjwa wa kwenye skrini hatua kwa hatua.

Sasa TMC mstari wa juu niliuvuka bila jasho. CSE imenitema. Na sio mimi tu, kwenye darasa letu wale vipanga nao wametemwa halafu jamaa mmoja aliyekuwa anaishi kwa notsi za wenzake kapita vizuri kabisa.

Nadharia yangu, na niko tayari kushambuliwa: CSE inawaonea waliokwisha kuanza kazi. Ukishaingia wodini unafuata protokali ya hospitali yako, unajua daktari wako anapenda nini, unajua nesi atakupigia simu lini. Ule mtihani hautaki hayo, unataka hospitali ambayo haipo popote duniani.

Kinyozi_Mstaafu
Yaani mdoea notsi kapita, wewe umetemwa, halafu mkosaji ni mtihani 😂 navuta kiti

Dada_wa_Nait
Mjukuu una ukweli nusu. Mimi ni RRT na nina ACCS, ile ya wagonjwa mahututi watu wazima, na nimewafundisha wengi wa kazini kwetu kabla ya CSE. Asilimia kubwa wanaangukia sehemu moja, pale pa kukusanya taarifa. Unaambiwa chagua unachotaka kujua kuhusu mgonjwa, chagua vingi unavyoona vinafaa. Mtu anachagua vyote kama yuko kwenye bufee. Kumbe kila kitu kina alama yake, kuanzia jumlisha tatu mpaka toa tatu, na kile kisichohitajika kinakula kile ulichopata kwa haki.

Mfano wa darasani kabisa: mtu kachomwa kisu kifuani, oksijeni inashuka, presha inashuka, upande mmoja wa kifua hausikiki, koo la hewa limesogea upande wa pili. Unaletewa orodha. Watu wanaomba picha ya kifua. Picha! Huyo hewa imebanwa kifuani, inatakiwa itolewe kwa sindano sasa hivi, ukisubiri eksirei unampiga picha marehemu. Kazini ukiomba picha hakuna anayekukata alama, daktari atakwambia tu achana nayo na mambo yanaendelea. Hapo ndipo nakubaliana na wewe, wodi inakuzoesha kwamba kosa dogo kuna mtu atalidaka.

Chongo_wa_Pwani
Mnazunguka tu. Ni biashara. TMC dola 190 mara ya kwanza, ukirudia 150. CSE dola 200 na ukirudia ni 200 ile ile hakuna hata punguzo la pole. Wewe ungekuwa na mtihani wa hivyo ungetaka watu wapite mara moja?

Mpemba_Ohio
Chongo punguza kasi. NBRC wanaosimamia hiyo mitihani ni taasisi isiyogawana faida, ofisi zao ziko Overland Park, Kansas. Halafu ukianguka mara tatu wanakusimamisha siku 120 ndio urudie. Mfanyabiashara gani anamfukuza mteja aliyeshika hela mkononi?

Chongo_wa_Pwani
Isiyogawana faida haina maana isiyopokea hela. Umeme wanalipa na nini, maombi? Na hizo siku 120 zinakupa muda wa kununua kozi ya marudio ya dola mia kadhaa kwa watu wengine. Mnyororo huo.

Mpemba_Ohio
Hao wa kozi ni kampuni zinazojitegemea, hawana uhusiano na bodi. Unachanganya shamba na soko.

Mzee_wa_Ventileta
Vijana mnaongea kama CSE imezaliwa juzi. Bodi hii ilianza 1960, wakati huo sisi tuliitwa mafundi wa kuvutisha hewa, na mwanzoni ukishapita maandishi ulikuwa unaingia chumbani unahojiwa kwa mdomo na wakubwa. Sasa hapo kama mkubwa ameamka vibaya imekula kwako. 1979 wakatoa mahojiano wakaleta visa vya kuigiza, vya karatasi, unapitisha kalamu maalum kwenye sehemu tupu na jibu linatokea. Ukishapitisha kalamu imeandikwa, huwezi kufuta. Kompyuta zimeingia 2000.

Sasa nadharia yangu. Zamani visa vilikuwa 10, virefu. Ukiteleza mwanzoni mwa kisa una nafasi ya kujikomboa huko mbele, mgonjwa ule ule unamjua. Januari 2015 walipovunja vunja wakaleta 22 vifupi, kila baada ya dakika kumi unakutana na mgonjwa mpya, kichwa kinachoka. Ukiharibu hatua moja kisa kimeisha. Sio kwamba watu wamekuwa wajinga, umbo la mtihani limebadilika.

Kijana_Kozi
Mzee ila zamani si ilikuwa mtihani mmoja tu ukawa RRT? nyie mlipata kirahisi

Mzee_wa_Ventileta
Nani kakudanganya. Kabla ya 2015 ilikuwa mitatu: wa CRT peke yake, wa maandishi wa registri (RRT) peke yake, halafu CSE. TMC ndio imeunganisha hiyo miwili ya kwanza kwa kuweka mistari miwili kwenye karatasi moja. Nyie ndio mmepunguziwa safari. Rudi kaa darasani.

Kinyozi_Mstaafu
Kijana Kozi ameingia ametoka 😂😂

Wambo_254
Sasa wacha niwaambie yenye ilinimaliza mimi. Ni ile kitu ya "daktari hakubali, chagua tena". Unachagua jibu lako safi, skrini inakwambia daktari amekataa. Moyo inaanguka. Unaanza kujishuku, unachagua kitu ya ajabu, na kumbe lile jibu la kwanza lilikuwa sawa na points ulishapewa! Wanakukatalia tu ndio kisa kiende mahali wanataka kiende. Hakuna mtu aliniambia hiyo shuleni. Nilikuwa naona kila kukataliwa ni kosa, kufika kisa cha nane nimeshajipanga kulia.

So kwangu haikuwa kujua ama kutojua. Ilikuwa roho.

Dada_wa_Nait
Wambo asante, hilo wengi hawalijui. Na pia huwezi kurudi nyuma, ukishabonyeza imebonyezwa, kwa hiyo ule woga unauhamishia kisa kinachofuata.

Mjukuu_wa_Bibi
Daktari alinikataa sana mimi. Nilidhani nakosa kila kitu. Sasa mbona nadharia zinakuwa nyingi, Dada anasema kuchagua kupita kiasi, Mzee anasema umbo, Wambo anasema roho, Chongo anasema hela. Nani sasa?

Chongo_wa_Pwani
Hela.

Nesi_Mtarajiwa
Samahani naingilia. Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi), nafikiria kwenda kusomea RT badala ya unesi. Kama CSE ni ngumu hivyo, si nabaki tu na CRT? Leseni si napata?

Mpemba_Ohio
Inategemea jimbo dada yangu. Huku Ohio tangu 2015 leseni mpya inataka RRT, California hivyo hivyo tangu Januari 2015, waliokuwa na leseni ya CRT kabla ya hapo hawakunyang'anywa. Majimbo mengi bado CRT inatosha kisheria. Ila sheria na hospitali ni vitu viwili, tangazo la kazi utaona wameandika RRT au uipate ndani ya muda fulani. Na diploma ya miaka miwili ndio kima cha chini, hakikisha tu chuo kimeidhinishwa na CoARC, wale wanaokagua vyuo vya RT, kama hakimo kwenye orodha yao hata TMC hukai. Wapo wanaofungua kozi za mitaani zenye jina linalofanana, usiingie.

Mjukuu_wa_Bibi
Huku Texas CRT inatosha, ndio maana niko kazini. Leseni zetu ziko chini ya bodi ya madaktari ya jimbo. Ila nafasi ya ICU ya watoto naambiwa kila siku "ukipata RRT tuongee".

Kinyozi_Mstaafu
Mimi nimesikia Alaska hakuna leseni kabisa ya RT. Kwa hiyo natoka na mashine yangu ya kunyolea naenda kushika ventileta?

Mzee_wa_Ventileta
Ni kweli Alaska ndio jimbo pekee lisilo na leseni ya RT. Lakini hospitali yenyewe itakutaka uwe na CRT au RRT, hakuna mwenye hospitali anayetaka kesi. Baki na mashine yako.

Binamu_Mkubwa
Nina ndugu yangu kasoma fiziotherapia nyumbani, anataka kuja kama RT. Nimeambiwa lazima apate ile VisaScreen (cheti ya uhamiaji kwa watu wa afya) kwanza ndio afanye TMC. Ni kweli?

Dada_wa_Nait
Hapana, hapo kuna vitu viwili vimechanganywa. Ile cheti ya uhamiaji kwa watu wa afya ina fani zake saba kwenye orodha, manesi, wafiziotherapia, watu wa maabara na wengine, RT hayumo. Akija kama mfiziotherapia itamhusu, akija kama RT haimhusu. Lakini hilo sio geti lake. Geti lake ni kwamba TMC inataka uwe umehitimu RT kwenye chuo kilichoidhinishwa, na digrii ya fiziotherapia hata iwe nzuri namna gani sio RT. Wakanada waliosomea RT kwao wana njia yao. Ndugu yako itabidi aingie darasani, labda masomo ya jumla kama kemia na anatomia chuo kinaweza kumtambulia akapunguza muda.

Binamu_Mkubwa
Duh. Asante. Alishaanza kuaga watu.

Mama_Pumzi
Narudi kwenye mada maana nimesoma yote na sijaridhika. Mjukuu anasema kazi inaharibu. Mimi kazi ndio iliniokoa! Nilifanya kazi na CRT muda mrefu kidogo kabla ya kukaa CSE na nikapita mara ya kwanza, na sababu ni kwamba nilikuwa kwenye hospitali ndogo ya kijijini ambako usiku RT uko peke yako. Hakuna wa kuuliza. Daktari wa dharura anakuuliza WEWE. Ukikaa kwenye hospitali kubwa ya mafunzo kila mgonjwa ana madaktari wanafunzi watano, wewe kazi yako inakuwa kubadilisha namba kwenye ventileta walizokutajia. Hapo lazima CSE ikutese kwa sababu hujawahi kuamua.

Kwa hiyo sio kazi. Ni kazi ya aina gani.

Mjukuu_wa_Bibi
Mama Pumzi hiyo imenigusa sehemu mbaya, niko hospitali kubwa 😅

Mpemba_Ohio
Mama Pumzi naheshimu ila wapo wa hospitali kubwa wanaopita mia mia. Mimi mmoja wao. Nadhani mnamsahau yule mdoea notsi. Mjukuu, huyo jamaa alijiandaaje?

Mjukuu_wa_Bibi
Alikuwa anafanya simulesheni za mazoezi kila siku, hasomi kitabu, anafanya tu, anaanguka, anafanya tena. Tulikuwa tunamcheka.

Mpemba_Ohio
Basi uzi umeisha. TMC unaisoma, CSE unaizoea. Mwenye akili ya darasani anarudi kwenye kitabu akianguka wakati tatizo halipo kwenye kitabu.

Dada_wa_Nait
Uzi haujaisha, usituharakishe. Wapo waliofanya simulesheni zote zilizopo sokoni wakaanguka, kwa sababu wanakariri. Visa vinabadilishwa kidogo tu na wao wanajibu kile cha jana. Nikupe kisa: mtu kaokolewa kwenye moto, ana masizi puani, kichwa kinamuuma, kipimo cha kidole kinaonyesha oksijeni 98. Aliyekariri anasema 98 safi, mpe kidogo tu puani. Kipimo cha kidole hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi, kinaona zote nyekundu. Huyo anapewa asilimia 100 bila mjadala halafu unaomba kipimo cha damu kwenye mashine inayotenganisha. Hiyo huipati kwa kukariri, unaipata kwa kuelewa kipimo chako kinapima nini.

Wambo_254
Na ile ya mtoto mwenye anadondosha mate, ameketi ameinama mbele, homa kali, sauti imezibwa. Wanakuwekea kwenye list "angalia koo kwa kutumia kijiti". Ukibonyeza hapo umeenda. Hiyo ni ile kifuniko ya koo imefura, ukimchokoza hewa inaziba kabisa. Unamwacha na mamake, unatafuta mtu wa kuweka mrija chumba cha upasuaji.

Mama_Pumzi
Hiyo ya mtoto sijawahi kuiona kazini hata siku moja, chanjo ya Hib imeipunguza sana. Ila kwenye mtihani haijachanjwa 😂

Mzee_wa_Ventileta
Ndio ninachosema, visa vya watoto na vichanga ni vinne hivi kati ya 22, na wengi humu mnahudumia wazee tu. Vya COPD (ugonjwa sugu wa kubanwa njia za hewa) na ndugu zake ni kama saba. Mtu anatumia muda wote kujiandaa kwa ventileta ngumu ngumu za mahututi anasahau mzee wa kikohozi ndiye kajaza chumba.

Kijana_Kozi
Mzee na lugha je? Mimi naona sisi ambao kiingereza ni cha tatu tunachelewa kusoma. Masaa manne yananiishia

Mzee_wa_Ventileta
Visa 22 masaa manne, wastani kama dakika 11 kila kimoja. Inatosha. Wazungu waliozaliwa nacho kiingereza nao wanaanguka.

Kijana_Kozi
Inatosha kwako. Mimi nikisoma neno la kidaktari ambalo sijalisikia likitamkwa nasimama hapo hapo

Dada_wa_Nait
Kijana usikatishwe, lina uzito. Nimeona mtu anajua kazi vizuri, kilichomwangusha ni kwamba hakusoma vizuri "chagua MOJA tu" akaendelea kubonyeza.

Mama_Pumzi
Halafu kuna saa ya miaka mitatu, hakuna aliyeitaja. Ukihitimu una miaka mitatu ya kumaliza safari ya RRT. Ikipita unarudia TMC upate tena mstari wa juu ndio ukubaliwe CSE, na ada ni ya mwombaji mpya. Mjukuu usikae ukijiuliza nadharia hapa mpaka saa ikuishie.

Chongo_wa_Pwani
ADA YA MWOMBAJI MPYA. Nilisema nini mimi?

Mpemba_Ohio
😂 Haya shika ushindi wako mmoja.

Nesi_Mtarajiwa
Na ukishakuwa RRT ndio basi? Hakuna mitihani tena?

Mpemba_Ohio
Waliopata kabla ya Julai 2002 ndio basi, cheti chao hakiishi muda. Wengine wote ni miaka mitano mitano. Kila robo mwaka unajibu maswali kumi mtandaoni, ukifanya vizuri unapunguziwa masaa ya kujiendeleza, ukifanya vibaya au ukiyapuuza unadaiwa masaa 30. Na leseni ya jimbo ina masharti yake pembeni, usichanganye hivyo viwili, wapo waliolipa kimoja wakadhani wamemaliza.

Kinyozi_Mstaafu
Mzee wewe ni wa kabla ya 2002 au baada?

Mzee_wa_Ventileta
Kabla. Na maswali najibu kwa hiari yangu kila robo, nikiona yanavyobadilika. Enzi zetu kila pumzi ya ventileta mililita 12 za hewa kwa kilo ilikuwa kawaida. 2000 ule utafiti wa ARDS (mapafu yaliyoumia ghafla na kujaa maji) ukatoka, 6 kwa kilo ya uzito unaokadiriwa kwa kimo, vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 mpaka 31. Kuna wenzangu walistaafu bado wanabisha.

Wambo_254
Sawa, tuwache nadharia. Naweka kisa, Mjukuu na wengine mjibu. Mzee wa miaka 68, COPD, amekuja emergency anahema vibaya. Ako na usingizi usingizi lakini ukimuita anafungua macho na anafuata maagizo. pH 7.28 (damu imeelekea asidi), kaboni dioksidi 68, presha ya oksijeni kwenye damu 52, amevaa oksijeni ya puani lita 2. Unafanya nini? Moja tu.

Kijana_Kozi
Mrija. pH ya 7.28 nasubiri nini

Dada_wa_Nait
Mrija kwa mtu anayekufuata maagizo? Barakoa ya presha mbili hiyo, moja kwa moja. Mrija unakuja akikataa kuelekea pazuri ndani ya saa moja mbili.

Mjukuu_wa_Bibi
Barakoa. Ila ningetaka kujua kwanza kama anaweza kukohoa mwenyewe, maana akiwa amejaa makohozi hawezi kuyatoa hiyo barakoa itamzibia.

Chongo_wa_Pwani
Ongeza oksijeni, 52 ni ndogo. Mpe lita 6

Mama_Pumzi
Chongo rudi kwenye hesabu za ada tafadhali 😂 lita 6 kwa huyo kaboni inapanda zaidi analala kabisa. Barakoa, na oksijeni unaipandisha kidogo kidogo mpaka 88 hadi 92 kwenye kidole.

Wambo_254
Barakoa ndio jibu. Sasa settings, presha ya juu na ya chini unaanza na ngapi?

Mjukuu_wa_Bibi
10 juu, 5 chini.

Dada_wa_Nait
Tofauti ya 5 tu kwa mwenye kaboni 68? Hiyo haisukumi kitu. Mimi naanza 12 kwa 5 na napanda haraka.

Mzee_wa_Ventileta
10 kwa 5 ni sawa kabisa kuanzia, mgonjwa aizoee kwanza. Ukimpiga 12 wakati ameshaogopa anaivua anaitupa, nimeshaokota barakoa nyingi chini ya vitanda.

Dada_wa_Nait
Mzee unaokota kwa sababu unamwacha peke yake. Unakaa naye, unaishika kwa mkono usoni kabla ya kufunga mikanda.

Mzee_wa_Ventileta
Nikae naye na wodi nzima inaita? Wewe nait yako ina RT wangapi?